Gari Linagonga Mguu: Kutoka Tanga hadi Njombe

Kelele ilianza tulipokwisha kuipita Chalinze, tukiishika njia ya Morogoro. Haikuwa kubwa. Kila gurudumu la kushoto lilipokanyaga ukingo wa lami uliomeguka au kishimo kidogo, chini ya miguu yetu ilisikika ko-ko, kavu na ya upesi, kama mtu abishaye hodi akiwa na haraka. Mjomba, aliyekaa kando yangu, alizima redio, akateremsha kioo, akainamisha kichwa kuelekea mlangoni. Tulikwenda hivyo mwendo mrefu bila neno, mashamba ya mkonge yakipita huku na huku.

"Gari linagonga mguu," alisema hatimaye. "Lakini ugonjwa wake tusiupe jina bado."

Nimerudi kutoka Njombe na mengi ya kusimulia: mibuyu ya Ruaha, mteremko wa Kitonga, ukungu wa asubuhi juu ya mashamba ya viazi. Lakini lililonikaa moyoni kuliko yote ni namna baadhi ya watu wa barabara ile wanavyojua kulisikiliza gari, na namna sisi wenye magari tunavyowafundisha mafundi wetu kuacha kusikiliza.

Mjomba anaijua barabara hiyo kwa mwili wake. Aliianza akiwa utingo, kijana mdogo, mwishoni mwa miaka ya 1960. Walowezi wa Rhodesia walikuwa wamejitangazia uhuru wao mwaka 1965, na Zambia, iliyotegemea njia za kusini, ikalazimika kuelekeza macho Dar es Salaam. Bomba la TAZAMA lilianza kupeleka mafuta Ndola mwaka 1968. Reli ya TAZARA ilikamilika mwaka 1975. Kabla ya hayo, na kabla ya lami, mapipa ya mafuta yalikwenda kwa malori, katika tope la masika na vumbi la kiangazi, kwenye njia ambayo madereva waliiita Mbio za Jehanamu.

Kazi ya utingo, anasimulia mjomba, haikuwa kupakia na kupakua tu. Kila lori liliposimama aliingia uvunguni na bomba la grisi, akatilia kila kitundu cha miguu ya mbele mpaka grisi ya zamani itoke nyeusi pembeni. Aliyesahau kitundu kimoja alijulikana kesho yake, maana mguu ulianza kulia. Magari mengi madogo ya siku hizi hayana vitundu hivyo. Vifundo vyake vimezibwa kiwandani na grisi yake ndani, na mwenye gari anaweza kumaliza miaka bila kuinama kutazama chini. Tumepumzishwa kazi chafu, na hilo ni jema. Lakini mtu aliyeingia uvunguni kila siku aliujua mguu wa gari lake kabla haujaanza kulia. Sisi tunakutana nao siku ya kelele.

Morogoro tulipokewa na milima ya Uluguru iliyojifunika mawingu, na ushauri wa bure. Tulisimama karibu na Msamvu kwa chai na chapati. Mhudumu wa kituo cha mafuta alisema ni shokapu. Dereva aliyekuwa akisubiri abiria aliapa kwamba ni bolijointi. Mama aliyetuuzia machungwa alieleza kuwa gari la shemeji yake lilikuwa hivyohivyo, likapona kwa kubadilishiwa tairodi. Naupenda ukarimu huu. Kwetu mtu aliyeharibikiwa na gari haachwi peke yake. Kabla hajafungua boneti amezungukwa na watu wenye nia njema. Ila wote walikuwa na jina la ugonjwa mdomoni, na hakuna aliyeuliza swali.

Katika gereji moja kijana alibonyeza pembe ya gari mara moja, akapangusa mikono, akatamka: "Shokapu zote mbili zimekufa, dada. Nikuletee mpya au za mtumba?"

Mjomba alimwomba kwa upole apige jeki kwanza. Gurudumu lilipoachana na ardhi, mzee akalishika juu na chini akalitikisa, kisha akalishika kushoto na kulia akalitikisa tena. Likicheza juu na chini, shaka iko kwenye bolijointi au beringi. Likicheza kushoto na kulia, tazama tairodi. Halikucheza. Nati zilikuwa zimekaza, na shokapu zilikuwa kavu, hazina mafuta yaliyovuja. Ukaguzi huo hauwezi kuahirishwa, kwa sababu bolijointi iliyokwisha ikichomoka, gurudumu hulala ubavu na usukani hauna tena la kusema.

"Kinachogonga hakitatuangusha Kitonga," mjomba alisema. "Twende, ila polepole, tukatafute mtu wa kusikiliza."

Tulimlipa kijana kwa kazi ya jeki. Alishangaa, akauliza tunalipia nini ilhali hakuna kilichofunguliwa. Mshangao ule ulinifuata hadi Iringa.

Barabara kuu inakata Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa kilomita 50 hivi. Hifadhi ilianzishwa mwaka 1964, wakati magari ya njia hii yalikuwa ya kuhesabika. Leo malori na mabasi hupishana usiku na mchana mbele ya macho ya swala na twiga, na nyani hukaa kando ya lami wakingoja maganda. Mwendo umewekewa kikomo, kuna matuta, na wenye haraka hulalamika. Kwetu ule mwendo wa pole ulikuwa baraka, maana hapo ndipo tulipoisikia kelele vizuri. Gari lilipopanda tuta, magurudumu yote mawili ya mbele yakinyanyuka pamoja, hakukuwa na sauti. Nilipopisha lori na gurudumu la kushoto likashuka peke yake ukingoni, ko-ko-ko ikarudi.

Mjomba alitabasamu. "Umesikia? Tuta halikusema kitu. Shokapu iliyokufa ingelia hata kwenye tuta."

Magari mengi madogo tunayoyaendesha, yale yanayotufikia kutoka Japani yakiwa yameshatumika, yana mguu wa mbele wa aina moja: shokapu iliyovikwa springi, imesimama wima kutoka mkono wa chini hadi kwenye bodi. Mtindo huo ni wa mhandisi Mmarekani Earle MacPherson, na ulienea tangu Ford Consul na Zephyr za Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1950. Kati ya mguu wa kulia na wa kushoto hupita fimbo ya chuma, stabilaiza, inayozuia gari lisilale sana kwenye kona. Kila ncha ya fimbo hiyo imefungwa kwa linki fupi yenye vifundo viwili. Magurudumu yakipanda pamoja, fimbo huyafuata bila kujipinda, na linki hazibebi mzigo wa maana. Likipanda moja peke yake, fimbo hupindwa, linki huvutwa na kusukumwa, na kifundo kilicholegea hupiga. Mzee aliyaeleza hayo kwa viganja vyake viwili tu, akiviinua pamoja, kisha kimoja kimoja.

Tulipofika Ruaha Mbuyuni joto lilikuwa limesimama. Mibuyu imejipanga kwenye miinuko mpaka macho yanapochoka, na chini yake, karibu na maji, ni vitunguu. Hapa vitunguu ndiyo maisha ya watu: viko kwenye nyavu kando ya barabara, vyekundu, vikubwa, na kila gari likipunguza mwendo kina mama huinuka. "Karibu dada, vya leo hivi," mmoja aliniambia, naye alikuwa tayari ametazama gurudumu letu. Amekulia hapo, na anasema hulijua lori litakalokwama Kitonga kwa mlio wake likipita mezani pake. Sikupata sababu ya kumbishia.

Lakini hapohapo, kila nilipokanyaga breki na kila nilipoondoka, tulianza kusikia kishindo kingine. Hiki kilikuwa kimoja, kizito, chini zaidi. Hakikufanana na ile ya kubisha. Tukawa na kelele mbili.

Kitonga ni mahali pa kuheshimu. Barabara inajibana kati ya mwamba na korongo, na malori yanapanda kwa pumzi ya mwisho. Tuliona mawili yamekwama, na nyuma ya kila moja matawi mabichi ya miti yametandazwa juu ya lami kuwaonya wanaokuja. Chini ya mojawapo ilionekana miguu ya mafundi wawili, na mkono wa utingo ukiwapitishia spana. Mjomba aliwapungia ingawa hawakuweza kumwona. Zamani, alisema, hapa hukupita bila kushuka kumsaidia aliyekwama, maana kesho ungekuwa wewe. Siku hizi kuna simu na kuna magari ya kuvuta. Msaada hufika kutoka mbali, na wapitaji wa karibu wameanza kujisahau.

Iringa mji wenyewe uko juu ya kilima, lakini magari mabovu huishia chini, Ipogolo, kando ya barabara kuu na Mto Ruaha Mdogo. Huko ndiko madereva wa malori walikotuelekeza. Hewa ilikuwa baridi, nami mtu wa Tanga nikajitanda khanga juu ya sweta. Fundi, mtu wa makamo, alikuwa na msaidizi binti aliyetoka kumaliza mafunzo yake ya ufundi VETA.

"Shikamoo mzee. Kamwene, karibuni."

"Marahaba kijana. Tuna mgonjwa."

Fundi hakutazama gari kwanza. Aliniuliza mimi: "Linapiga lini?" Kisha: kwenye shimo au kwenye tuta? Ukikata kona? Ukikanyaga breki? Asubuhi likiwa baridi au likishachemka? Binti aliandika majibu kwenye daftari lililojaa alama za vidole vya grisi. Baada ya siku nzima ya majibu, nilifurahi mno kusikia maswali.

Kisha akaendesha yeye, mimi na binti tukiwa ndani. Alipita juu ya mawe madogo huku amegusa breki kidogo sana. Kelele ilibaki, kwa hiyo si pedi za breki zinazocheza, maana zingenyamaza zikibanwa. Alizunguka duara usukani ukiwa umekatwa mpaka mwisho; hapakuwa na mlio wa kutatarika, basi ekseli za mbele ni nzima. Gari likiwa limesimama, binti alishika springi kwa kiganja huku fundi akizungusha usukani. Springi haikuruka wala kukwama, basi beringi ya juu ya shokapu haina neno. Kila jaribio lilifuta jina moja la ugonjwa, wala hakuna nati iliyokuwa imeguswa.

Sauti husafiri ndani ya chuma. Inayozaliwa kushoto yaweza kusikika kulia, na ya mbele ikatokea chini ya kiti. Ndiyo sababu fundi alimwambia binti ashike kwa vidole, asitegemee masikio. Yeye akalisukasuka gari ubavuni huku binti, akiwa amelala kando ya gurudumu, akigusa kifundo kimoja baada ya kingine. "Hiki hapa," alisema. Kifundo cha linki ya kushoto kilikuwa kikimpiga kidoleni. Hapo fundi akazifungua linki zote mbili, akaifunga fimbo isiguse kitu, akalipitisha gari polepole uwanjani juu ya mawe yaleyale. Ko-ko ilikuwa imekwisha. Kilichobaki ni kile kishindo kizito, sasa kikiwa peke yake na kikisikika waziwazi.

Kwa hicho alitumia mtaimbo. Aliuingiza kati ya mkono wa chini na bodi, akaunyanyua kidogo, na bushi ya nyuma ikafunua mdomo: mpira ulikuwa umepasuka na kuachana na chuma chake. Gari likifunga breki, mkono wote ulirudi nyuma na kugonga; likiondoka, ulikwenda mbele na kugonga. Ugonjwa mmoja ulijificha nyuma ya mwingine. Mtu angebadilisha linki peke yake, angesema dawa haikufaa. Angebadilisha shokapu, angelipa fedha nyingi na kuondoka na kelele zote mbili.

Binti alitumwa dukani kununua linki na bushi, akiwa na linki za zamani mkononi. Desturi hii ya kwenda na kifaa kibovu naiona ni ya hekima, kwa sababu boksi linaweza kusema uongo, lakini urefu, uzito na kipenyo havisemi. Dukani kuna njia tatu: spea halisi ya ghali, ya bei nafuu iliyotengenezwa na kampuni nyingine, na ya mtumba. Fundi hana chuki na mtumba. Mkono wa chuma ulionyooka hata yeye hununua. Ila mpira hapana. "Mpira wa mtumba ni mzee tayari," alisema. "Utamzika mwezi ujao."

Boliti za mkono wa chini zilipofunguliwa kwa spana moja bila purukushani, nilistaajabu gari letu kunusurika. Kwetu Tanga chumvi ya bahari huila boliti ndani ya bushi mpaka zikawa kitu kimoja, na fundi humaliza asubuhi nzima akipasha moto na kukata. Nyanda za juu chuma kinabaki safi, lakini vumbi, mashimo na mawimbi ya barabara za changarawe huumaliza mpira upesi. Gari la pwani huzeeka kwa kutu, la bara huzeeka kwa mitikisiko, na fundi mzuri huujua ugonjwa wa mahali pake.

Binti alipiga alama ya chaki kuonyesha bushi ilivyokaa, maana nyingine zina upande na zikigeuzwa huchanika. Wakaitoa kwa presi na kuingiza mpya. Mkono ukarudishwa mahali pake, boliti zikatiwa, lakini hazikukazwa. Nilidhani wamechoka. Fundi akashusha gari likasimama kwa uzito wake, akalisukasuka, ndipo akaingia chini na kukaza. Alinieleza sababu kwa subira: ukikaza gurudumu likiwa linaning'inia, mpira unafungwa katika hali hiyo, na gari likishuka unabaki umenyongwa siku zote, hata likiwa limeegeshwa. Bushi ya namna hiyo hupasuka kabla ya wakati wake na mwenye gari hulaumu spea. Mwisho akatuagiza tukapime alaimenti, kwa kuwa mkono ukiguswa gurudumu laweza kuacha kutazama mbele sawasawa.

Tulikula hapo jirani, ugali mweupe na majani ya maboga na nyama ya kuchoma, bila tone la nazi, nami nikakiri kwamba majani yanajitosheleza. Meza ya pili walikuwa na ulanzi wao kwenye kikombe cha plastiki, wakacheka mjomba alipoukataa kwa sababu ya safari. Fundi alikaa nasi, na hapo nikauliza bei.

Alitaja fedha ya kubadilisha linki na ya kupiga presi. Ya uchunguzi hakuitaja kabisa.

"Na kule kuzunguka, kuuliza, kufungua na kujaribu?"

"Hiyo dada, watu hawalipi. Wanalipia kinachoonekana. Nikimwambia mteja nimetafuta saa mbili nikakuta ni boliti imelegea, ataona nimemwibia. Nikimbadilishia shokapu mbili atashukuru."

Aliyasema bila uchungu, kama mtu anayeeleza hali ya hewa ya mahali, na nikamwelewa yule kijana wa Morogoro. Naye ana masikio na vidole kama wengine. Lakini kila siku hukutana na watu wanaotaka jina la ugonjwa papo hapo na wasiotoa hata shilingi kwa kuutafuta, basi amejifunza kuuza jina. Tumemlipa kwa miaka mingi abadilishe, hatukumlipa ajue, kisha tunalalamika kwamba mafundi ni wakisiaji. Nikamlipa yule wa Ipogolo kwa yote mawili, nikamwomba aandike kwenye risiti "uchunguzi" katika mstari wake peke yake. Binti alikuwa wa kwanza kuucheka mstari ule, kisha akaomba kuupiga picha.

Kutoka hapo tulipita Mafinga yenye harufu ya misonobari na mbao mbichi, Makambako penye upepo usiopumzika, tukaiacha barabara kuu na kushika ya Njombe. Vilima vinafuatana, kijani juu ya kijani, viazi, chai na parachichi, na watu wamevaa makoti mchana. Njia ya kwenda kijijini kwa wenyeji wetu ni ya udongo mwekundu, yenye makorongo yaliyochimbwa na mvua. Hapo gurudumu moja lilishuka na jingine likapanda mara nyingi kuliko ningependa. Gari halikugonga. Mjomba hakuwasha redio hata hivyo. Anasema gari likitoka kwa fundi lazima ulisikilize upya, ujue mlio wake wa afya, ili siku ukibadilika uwe wa kwanza kujua.

Watoto wa nyumba ile walimzunguka jioni akawaonyesha kwa viganja vyake habari ya fimbo na linki, na mkubwa wao, msichana wa darasa la sita, akauliza swali ambalo watu wazima wa Msamvu hawakuliuliza: "Mlijuaje kwamba si kitu kingine?" Mjomba akamsimulia yote tangu Chalinze.

Ningependa swali la msichana huyo liingie katika desturi zetu. Ukipeleka gari gereji, usiseme "nibadilishie shokapu". Eleza lini linapiga, wapi, ukifanya nini. Mwache fundi aendeshe, uwe naye. Muulize amejuaje kwamba si kitu kingine, na akikujibu kwa ushahidi, mlipe kwa ushahidi huo hata kama dawa yenyewe ni kukaza nati moja. VETA inafundisha vijana kutafuta chanzo kabla ya kufungua, na mafundi wa zamani kama yule wa Ipogolo wanayo elimu hiyo vidoleni. Wote hao watalazimika kuiacha kama sisi wenye magari tutaendelea kununua vyuma tu. Mimi Tanga nimeshaanza: fundi wangu wa siku zote sasa ana bei ya kusikiliza, tumeipanga pamoja, na nimewaambia majirani waiulizie.